Damu Tuliyoifuata Kasenga

Nilikwenda Kasenga kwa sababu ya mwanamke mmoja aliyelala kitanda cha dirishani katika wodi ya wazazi, na kwa sababu friji yangu ya damu ilikuwa imebaki na mfuko mmoja. Mwanamke huyo jina lake Chantal. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane, na kondo la nyuma lilikuwa limejibandika chini likaziba njia ya mtoto. Alikwisha kutokwa na damu mara mbili, akapauka midomo. Jumatatu ile daktari wake aliniita kwenye korido, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Mama Numbi, Ijumaa namupasua, nipende nisipende. Unitafutie poche ine za damu, za O. Bila ile, naingia mule na bantu babili, sijue nitatoka na bangapi."

Mimi ndiye mkuu wa benki ya damu katika hospitali moja ya Lubumbashi. Jina "benki" lisikudanganye. Ni chumba kimoja, friji mbili na wanawake watatu wanaogombana kuhusu feni. Siku za kawaida damu yetu hutoka kwa wanafunzi wa chuo kikuu pale Kasapa, kwa vijana wa parokia, na kwa ndugu wa wagonjwa. Ugonjwa ulipoingia, chuo kikafungwa, wanafunzi wakarudi kwao. Makanisa yakafungwa, nasi Wakatoliki tukabaki kusali mbele ya redio. Ndugu wa wagonjwa nao waliiogopa hospitali kuliko korona yenyewe. Mume wa Chantal, dereva wa lori, alikuwa amezuiwa mpakani Kasumbalesa wiki ya tatu sasa, na ndugu zake Chantal wote wako Kabalo, mbali kabisa.

Nikapiga simu huku na huku mpaka sikio likawaka. Aliyenijibu vizuri ni Célestin, muuguzi wa kituo kimoja cha afya Kasenga, niliyemfundisha kazi alipokuwa kijana. Akasema huko soko la samaki halijafungwa, wavuvi wana afya, na yeye ameshawaomba watu. "Kuya, mama. Bantu makumi mbili hautabakosa." Basi nikaomba gari.

Lazima niseme kwamba mimi ni mtu wa orodha. Babu yangu alifanya kazi reli, na kwetu hata chakula kililiwa kwa saa. Usiku wa kuamkia safari niliandika kila kitu: mifuko ishirini, sindano, mizani, masanduku mawili ya baridi, kipimajoto, soda na biskuti za wachangiaji. Kitu kimoja tu kilikosekana. Makoti safi ya maabara yalikuwa yamekwisha. Mtunza ghala akanipa badala yake mavazi manne meupe, ya kuvaa mwili mzima mpaka kichwani, mapya, bado yako ndani ya plastiki. Yalikuwa ya kikosi cha maziko, kile kinachozika waliokufa kwa korona. Nikamshukuru sana. Hata wazo moja halikunipita kichwani.

Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, tuliondoka. Dereva alikuwa Ba Kalaba, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye mdomo ambao hospitali nzima inaujua. Ba Kalaba hutania wauguzi, maaskari, hata askofu alipokuja kubariki wodi. Miezi ile alikuwa akiendesha gari la maziko, na siku ile walimtoa kwa ajili yangu kwa kuwa yeye ni mtu wa Luapula, mto unaopita Kasenga, anaijua njia. Nilitegemea kucheka mpaka Kasenga. Tukapita Luano, uwanja wa ndege umetulia kimya, hata ndege moja haipo, mbuzi wanakula nyasi kando ya uzio. Nikangoja aseme neno juu ya mbuzi wale. Hakusema.

"Ba Kalaba, uko mugonjwa?"

"Hapana, mama. Niko naendesha tu."

"Na siku zingine ulikuwa unafanyaka nini?"

Akatabasamu kidogo kwa adabu, akashika usukani. Nikaona ni uchovu wa ile kazi yake ya makaburini, nikamwacha.

Saa tano tulifika Kasomeno, njia inapogawanyika, moja kwenda Pweto na moja kwenda Kasenga. Vumbi la kiangazi lilikuwa limetupaka sote rangi moja. Kwenye kizuizi cha barabara tulipimwa joto la paji la uso, tukanawa mikono kwenye ndoo, na askari akagonga masanduku yangu kwa kidole.

"Mumebeba nini humu?"

"Leo hewa," nikamjibu. "Kesho tutarudia na damu."

Akarudi nyuma hatua mbili na kutupungia mkono tupite. Nilinunua mihogo ya kuchoma na karanga, tukala ndani ya gari. Ba Kalaba alikula muhogo mmoja tu, na huyo ndiye mtu anayemaliza bukari, ugali wetu, ya watu wawili.

Karibu na Kasenga nikasimamisha gari. Nilitaka tufike kama watu wa kazi, safi, watu watuone wajue mambo ni ya kweli. Nikavaa lile vazi jeupe, nikavuta kofia yake mpaka kwenye nyusi, nikafunga barakoa. Nikampa Ba Kalaba la kwake. Akaliangalia kama mtu aliyepewa nyoka ashike.

"Miye sitavaa ile kule, mama."

"Ni propre, Ba Kalaba. Ni mupya."

"Najua ni mupya."

Nilimkaripia. Nilimwambia maneno juu ya usafi na nidhamu ambayo sasa nikiyakumbuka naona haya. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, akawasha gari, bado amevaa shati lake la buluu.

Saa nane mchana tuliingia uani kwa kituo cha afya. Célestin alikuwa amefanya kazi yake kweli: watu zaidi ya ishirini wamekaa kwenye mabenchi barazani, wavuvi, wauza samaki, kina mama na vitenge vyao vya Jumapili. Nikafungua mlango, nikashuka, mweupe tangu kichwani hadi miguuni, na sanduku mkononi.

Sijawahi kuona baraza ikihamwa kwa haraka vile. Mwanamke mmoja alipiga kelele, benchi likaanguka, beseni la dagaa likamwagika, na kabla sijatoa salamu ya "jambo yenu", pale barazani palikuwa na Célestin peke yake, ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama Numbi," akasema, "nani alikupatia zile manguo?"

Hakuwa peke yake, nakosea. Mwanamke mmoja mnene, wa makamo, alikuwa hajakimbia. Alisimama langoni, mikono kiunoni, akinitazama. Célestin alinong'ona kwamba huyo ni Mama Musonda, mkubwa wa wanawake wanaouza samaki, na kwamba ndiye aliyewaleta watu wote wale. Nikamwendea kumsalimu. Hakuupokea mkono wangu, na kwa korona nisingemlaumu, lakini haikuwa korona.

"Ndugu yangu Mwansa alipanda camion na miguu yake," akasema. "Alikuya kwenu ku hopital na kikohozi. Mwenye kurudia ni papier. Papier moya ya kifo, na muhuri ya hopital. Nani alimuzika? Bantu ba kuvaa sawa vile umevaa. Banungwe bake balikuwa hapa, banangoya, hakuna hata mumoja mwenye balimuita. Na sasa munakuya kukamata na damu?"

Ndipo nikaelewa nilichokuwa nimevaa. Msomaji asiyetoka Luapula nimweleze kidogo. Banungwe ni watani wa ukoo. Huko kila ukoo una ukoo wake wa utani: watu wa Chui na watu wa Mbuzi, kwa mfano, hutukanana mwaka mzima bila kosa, huchukuliana vitu bila kuomba. Lakini siku ya kifo mambo hugeuka kazi nzito. Ndugu wa marehemu hulia tu. Mtani ndiye anayechimba, anayebeba, anayeshusha kaburini, na ndiye anayemtukana marehemu mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanawatoka. Mtu asiyezikwa na watani wake, kwao ni kama ametupwa. Mwansa, ndugu yake Mama Musonda, alikuwa mtu wa Chui, na sisi tulimzika Lubumbashi kwa sheria za ugonjwa, mbele ya watu wanne waliofunikwa nyuso.

Badala ya kunyamaza, nikaanza kueleza protokali. Nilieleza virusi, mita mbili, agizo la serikali. Nilizidi kueleza, na uso wake ulizidi kufunga. Akageuka akaenda zake, na wale wachache waliokuwa wanachungulia nyuma ya ukuta wakamfuata.

Jioni, kabla jua halijazama, tulikula kwa Célestin: bukari na samaki wa mtoni waliovuliwa siku ile, chakula ambacho siku nyingine ningekisifu kwa kurasa mbili. Simu ikalia. Alikuwa daktari. Chantal ametokwa na damu mara ya tatu, safari hii shuka mbili zimeloa, na ule mfuko mmoja wa mwisho umeshaingia mwilini mwake. Hatangoja Ijumaa. "Alhamisi asubui, mama. Uko na ngapi?"

"Niko natafuta," nikamwambia. Sikuwa na hata tone. Nilikata simu nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, na kilio changu kilikuwa nusu huzuni, nusu hasira juu ya upumbavu wangu. Niliporudi nilimkuta Ba Kalaba amesimama mlangoni, sahani yake haijaguswa.

"Mama, kesho asubui tuende kwa ule mama. Miye njo nitasema."

Jumatano, saa kumi na mbili na nusu, tulikuwa uani kwa Mama Musonda. Lile vazi jeupe nilikuwa nimeliviringisha nikalificha chini ya viti vya gari. Nilivaa kitenge na aproni. Mama Musonda alikuwa akipanga samaki ndani ya sanduku kubwa la barafu, na wanawake sita au saba wakimsaidia. Nilikuwa nimemwomba Ba Kalaba aongee kwa unyenyekevu. Yeye akasimama langoni, mfuko wa plastiki mkononi, akapaza sauti:

"Hapa njo kwa Chui? Nilizania Chui banakulaka nyama! Kumbe banauzishaka samaki ya kuoza!"

Nilitaka ardhi inimeze. Wanawake waliacha kazi. Mama Musonda akanyanyuka polepole, magamba ya samaki yamemjaa mikononi.

"Weye ni nani mwenye kunitukana mu lupango yangu?"

"Niko Mbuzi. Mama yangu ni wa Mbuzi, wa hapa hapa kando ya muto. Niko na haki ya kukutukana, na unajua."

Hakuna aliyecheka. Ba Kalaba akaingia hatua tatu, na sauti yake ikabadilika.

"Mama, ule siku balizika ndugu yako, miye njo nilikuwa naendesha gari. Nilisoma jina, nikasoma na kijiji. Nikauliza infirmier mumoja wa wodi, akaniambia ukoo. Nikajua ni Chui. Benzangu batatu bakamaliza, bakarudia mu gari. Miye nikabakia pale. Nikamuambia: Weye Chui, miaka yote umekula mbuzi zetu, leo Mbuzi njo anakuzika. Ulale na njala yako. Kisha nikaongeza udongo na mikono yangu, mara tatu."

Akafungua ule mfuko. Akatoa kofia ya pama, ya kahawia, iliyopaukapauka mabaka meupe.

"Na nikakamata kofia yake, sawa vile tunakamataka. Ilikuwa mu bintu bya kuchoma. Nikaifula na dawa ya chlore mpaka ikaharibika rangi, nikaianika siku kumi. Nisameheni kwa rangi."

Mama Musonda aliichukua ile kofia, akaigeuza, akaangalia ndani, mahali ambapo palikuwa pameshonwa kwa uzi mwekundu. Akatoa sauti ambayo siwezi kuiandika. Wale wanawake wakaja wakamshika. Alilia muda mrefu, kilio cha kufiwa upya, na sisi tukasimama tu. Halafu katikati ya kilio nikasikia kitu kingine. Alikuwa anacheka.

"Ulale na njala yako!" akasema. "Alikuwa na njala kweli, ule Mwansa! Alikuwa anakulaka sawa bantu batatu!"

Wanawake wote wakaangua kicheko, wanajifuta macho kwa ncha za vitenge. Baadaye Mama Musonda akamshika Ba Kalaba kola. "Na miezi mbili, weye Mbuzi mubaya, ulikuwa wapi? Kwa nini hukutuma neno?"

Ba Kalaba alinitazama mimi kwanza, kisha akatazama chini. "Balikataza kukamata kintu ya mufu. Bakijua, kazi yangu imekwisha. Niko na batoto batano."

Nikaelewa ukimya wa njia nzima. Alikuwa amenibeba mimi, mkubwa wake, hadi mahali ambapo ilimpasa aseme mbele yangu kosa la kufukuzwa kazi. Mimi ni mtu wa sheria, nimeshaandikia watu barua kwa makosa madogo kuliko hilo. Niliinama nikaanza kutazama samaki wa Mama Musonda kwa makini sana, kama mnunuzi. Nilisema wale ni samaki wazuri. Ba Kalaba alishusha pumzi.

Mama Musonda akamrudishia kofia, akamvika mwenyewe kichwani. "Banungwe habarudishake kintu," akasema. Halafu akanigeukia. "Ile damu, ni ya nani?"

Nikamwambia habari za Chantal, bila protokali hata moja. Nikamwambia kitanda cha dirishani, mume mpakani, shuka mbili. Alinisikiliza huku ananawa mikono.

"Tuende," akasema.

Saa mbili asubuhi Mama Musonda alikuwa wa kwanza kulala kwenye kitanda changu cha turubai pale kituoni. Kundi O, damu nzito, nzuri. Alipoinuka na pamba yake mkononi alisimama barazani akatangaza kwamba leo watu wa Chui wanatoa damu, na Mbuzi wasimame nyuma waangalie jinsi mambo yanavyofanywa. Hilo lilitosha. Watu wa Mbuzi wa Kasenga hawakuwa tayari kuaibishwa na chui yeyote. Wakaja. Wavuvi waliokimbia jana wakarudi wakisukumana.

"Pima ile ya Chui muzuri, mama! Ile ni maji ya muto!"

"Ya kwenu njo supu! Mbuzi iko na damu?"

Célestin alicheka mpaka akakosea kuandika namba. Orodha yangu niliyoipanga kwa saa na kwa jina ilikufa pale pale, sikuililia. Nilichokataa ni kulegeza kipimo: waliokuwa na damu kidogo niliwarudisha na soda yao na pole, na kijana mmoja wa Mbuzi aliyeambiwa damu yake haitoshi alizomewa na Chui wote mpaka akaahidi kula maharage kila siku. Kufika saa sita nilikuwa na mifuko kumi na sita.

Lilibaki suala la barafu. Vifuko vyangu vya baridi vilikuwa vimeyeyuka usiku, kwani umeme wa kituo ulikatika. Mama Musonda akatuma beseni la barafu kutoka kwenye sanduku lake, barafu ngumu, imesagwa vizuri. Nikaigusa, nikaona inauma vidole kupita kiasi.

"Mama, hii iko na chumvi?"

"Eyo. Njo siri yangu. Na chumvi inakawia, samaki inafika Lubumbashi muzima."

Ilibidi nimweleze kwamba samaki na damu si kitu kimoja. Barafu ya chumvi hushuka baridi kupita ya kawaida. Damu ikiganda inapasuka ndani kwa ndani, na ukimpa mtu damu hiyo unamwua. Alishangaa kweli. Akatuma tena, ikaja barafu tupu, na yeye mwenyewe akanionyesha jinsi ya kuipanga pembeni, tabaka la maboksi na magazeti katikati, isiguse mfuko hata mmoja. Kipimajoto kikatulia kwenye nyuzi sita. Katika mambo ya barafu nilikuwa na shahada, yeye alikuwa na miaka thelathini.

Saa saba mchana tuliondoka. Nilimshukuru kila mtu, mmoja mmoja, nikiita majina. Ba Kalaba aliendesha na kofia kichwani, na mdomo wake ulikuwa umerudi. Alitania mashimo ya barabara, alitania lori lililotupita, pale Kasomeno alimwambia askari yule yule kwamba ndani ya sanduku kuna chui kumi na mbuzi sita na wote wana njaa. Nilipima joto kila nusu saa: sita, sita, saba, sita. Ilikuwa saa tatu usiku tulipopita Luano.

Jumatano hiyo usiku mpaka Alhamisi alfajiri tulipima kila mfuko, magonjwa yote yanayopaswa kupimwa. Miwili nikaitoa. Célestin angezungumza na wenyewe kwa siri, kama inavyotakiwa. Mifuko saba ilikuwa ya kundi O, na yote ilikubaliana na damu ya Chantal. Saa mbili asubuhi nilimpelekea daktari minne.

Nilisimama kwenye kidirisha cha chumba cha upasuaji, mahali ambapo huwa sisimami. Wakaomba mfuko wa kwanza, wa pili. Nilisikia mtoto analia, lakini sikuweza kufurahi, maana sauti za ndani zilikuwa za haraka. Wa tatu. Wa nne. Kisha mkono wenye glavu ukatoka mtupu, ukiomba wa tano. Nilikimbia korido ile kama msichana. Wa sita nilikuja nao bila kuombwa, na nikasimama nao kifuani, nikihesabu Salamu Maria. Haukuombwa. Daktari alitoka, akavua barakoa, akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani.

"Niliingia na bantu babili," akasema, "natoka na babili."

Jumapili nilipanda kumwona Chantal. Alikuwa amekaa, midomo imerudi rangi, msichana wake amelala kifuani. Aliniuliza jambo ambalo wagonjwa hawaniulizi kamwe, kwa sababu kwa kawaida damu huwa ni ya kaka au ya shangazi.

"Mama, hii damu ni ya nani?"

"Siruhusiwe kusema jina."

"Basi niambie tu ni bantu ba namna gani."

Nikafikiri. "Mumoja wao alikuwa na hasira na siye. Hasira ya haki. Tulizika ndugu yake bila kuita bantu bake."

Chantal alimtazama mtoto, akamfunika mguu uliotoka nje.

"Na mulishamulombaka pardon?"

Nilikuwa nimeshukuru Kasenga nzima, nilikuwa nimelia nyuma ya nyumba, nilikuwa nimeeleza virusi na barafu. Pole na msamaha nilikuwa nimemwachia dereva aombe.

Nilishuka moja kwa moja mpaka kwa mkurugenzi. Kikao chetu hakikuwa kifupi wala kitamu, na Ba Kalaba sikumtaja. Nilipotoka nilikuwa nimekubaliwa jambo moja: atakayekufa kwetu, familia itapigiwa simu kabla ya kuzika, na mtu mmoja watakayemchagua wao atasimama kaburini, mbali kwa mita zinazotakiwa, na barakoa, aseme anachopaswa kusema. Kabla ya safari ile ningeapa kwamba hilo halinihusu mimi wa friji. Nimejifunza kwamba friji ile hujazwa au hukaushwa makaburini, mbali na sindano zangu.

Halafu nikampigia Mama Musonda. Nyuma yake palikuwa na kelele za soko, watu wanapatana bei.

"Mama, ni miye wa damu, wa Lubumbashi. Ule mama alizaa, eko muzima. Lakini sikupige juu ya ile. Napiga kukulomba pardon juu ya Mwansa. Tulikosa. Tulipashwa kukuita." Nikamweleza na jambo tulilokubaliana.

Kisha nikasikia ameondoka penye kelele.

"Ile neno njo nilikuwa nangoya," akasema. "Ule Mbuzi wenu alifanya kazi yake. Lakini haikuwa yeye mwenye kukosa."

"Na damu ulitupatia mbele ya kusikia ile neno, mama?"

"Sababu mama wa bantu alikuwa anakufwa," akasema. "Weye, ningekungoya useme kwanza."